Taa za Kazi Katika Trekta Dogo

Matrekta madogo, yaani yale yenye nguvu za farasi 20 hata 40 hivi, yamekuwa msaada mkubwa kwa wakulima wasioweza kununua mtambo mkubwa. Hupita katika mashamba membamba, hulima, huvuta tela, na huendesha mashine za kupukuchua na za kusaga nafaka. Mara nyingi trekta moja hutumikia nyumba nyingi, ama kwa kukodishwa, ama kwa kuwa ni mali ya chama cha wakulima. Lakini kila mwaka mvua za kwanza zinyeshapo upungufu mmoja huonekana: jua limekwisha kuchwa na mashamba yangali yanangoja. Ndipo watu husema, "Na tutie taa nyingine, tulime na usiku." Shauri hilo ni jema, walakini likifanywa kwa haraka laweza kuliua trekta katikati ya msimu. Kwa hiyo twataka kueleza hapa taa hizo ni za namna gani, umeme wake hutoka wapi, na yampasa mwenye trekta kuhesabu nini kabla ya kununua hata taa moja.

Mtu aweza kuuliza, "Je, trekta halikuja na taa zake kutoka kiwandani?" Ndiyo, lilikuja nazo, lakini taa zile ziliwekwa hasa kwa ajili ya kwenda njiani. Mbili ziko mbele, nazo hutupa nuru mbele ya magurudumu. Kazi ya kulima iko nyuma. Dereva hana budi kugeuza shingo kila mara atazame jembe, aone kama lazama sawasawa, kama limeshika kisiki, au kama majani yamelisonga. Usiku nyuma yake ni giza tupu. Taa ya kazi ni ile inayofungwa ili kuangaza mahali pa kazi, nayo ni mbali na taa ya safari.

Tena sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu wenyewe. Katika nchi za kaskazini mchana wa majira ya joto ni mrefu sana; mjini London mwezi wa Juni jua huchwa karibu saa tatu na dakika ishirini usiku, na mkulima wa huko hupata saa nyingi za kazi bila kuwasha kitu. Kwetu tulio karibu na Ikweta mchana na usiku hulingana kwa karibu mwaka mzima, na ikifika saa moja ya usiku giza limekwisha kuingia, iwe ni masika, iwe ni vuli. Mvua haituongezei mchana.

Natutazame faida yake kwa hesabu. Tuseme chama kina eka 60 za kulimwa, na trekta lake hulima eka 4 kwa saa 8 za mchana. Kazi hiyo ni ya siku 15. Wakiongeza saa 2 kila jioni kwa nuru ya taa, trekta litalima eka 5 kwa siku, na kazi itakwisha kwa siku 12. Siku 3 zimeokolewa. Kwa mtu aliye wa kwanza katika zamu, siku hizo si kitu. Lakini kwa yule aliye wa mwisho, ambaye mara nyingi ndiye mwenye shamba dogo na fedha haba, ni siku 3 za unyevu wa ardhi, na mbegu zake zaingia chini kabla mvua haijapunguka. Lakini vilevile, betri ikifa au waya ikiungua siku ya tano, yeye huyo wa mwisho ndiye atakayepata hasara kuliko wote. Ndiyo maana jambo hili la taa halifai kuachiwa dereva na fundi peke yao. Yawapasa wazee wa chama nao walielewe.

UMEME NI KAMA MAJI YA MFEREJI

Watu wa Upare wana desturi ya zamani ya kuchimba mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Maji ya kijito huingia katika ndiva usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani kwa mifereji, kila mtu kwa zamu yake. Anayejua kazi ya ndiva hatashindwa kuelewa umeme wa trekta.

Kijito ni dainamo, au alternata, ile inayozungushwa na mkanda wa injini. Ndiva ni betri. Mifereji ni waya. Nguvu ya mteremko inayosukuma maji ni mfano wa volti, neno lililotokana na jina la Alessandro Volta, Mwitaliano aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800. Wingi wa maji yapitayo katika mfereji ni mfano wa ampea. Na kazi yote inayofanywa na maji hayo ni mfano wa wati, zilizoitwa kwa jina la James Watt wa Scotland. Hesabu yake ni nyepesi, hata mtoto wa shule aweza kuifanya: volti mara ampea ni wati. Basi wati ukizigawa kwa volti, wapata ampea. Matrekta madogo kwa desturi hutumia volti 12.

Kila mtu wa mifereji ajua ya kuwa ndiva haizalishi maji. Hutunza tu yale ambayo kijito kimeleta. Ukifungua maji mengi kuliko yaingiayo, ndiva itakauka, hata ikiwa ni kubwa namna gani. Vivyo hivyo mtu aongezaye taa nyingi kisha akanunua betri kubwa ajidanganya, maana kijito chake ni kile kile. Na katika trekta dogo kijito hicho ni chembamba. Dainamo za baadhi ya matrekta hayo hutoa ampea 15 au 20 tu. Mengine yana alternata za ampea 40 au zaidi. Tena kiasi hicho hupatikana injini ikizunguka kwa kasi ya kazi. Ikinguruma polepole, umeme hupungua sana. Kiasi halisi cha trekta lako kimeandikwa katika kitabu chake, na mara nyingi katika kibao kilicho juu ya dainamo yenyewe. Hicho ndicho kitu cha kwanza kutafutwa.

NAMNA YA KUHESABU

Tuchukue mfano wa trekta lenye dainamo ya ampea 20. Ampea 20 mara volti 12 ni wati 240. Hiyo ndiyo mali yote iliyopo. Sasa tutoe matumizi yaliyokuwapo tangu zamani. Tuseme taa mbili za mbele za wati 35 kila moja, jumla 70. Taa za nyuma na za kuonyesha kukata kona, wati 30. Saa za mbele ya dereva na vitu vingine vidogo vya injini, wati 10. Jumla ni 110. Zimebaki wati 130. Lakini betri nayo yataka kurudishiwa nguvu iliyoitoa wakati wa kuwasha injini, tena haifai kuilazimisha dainamo kutoa nguvu zake zote usiku kucha. Basi tuiwekee akiba ya wati 50. Zimebaki 80, na hizo ndizo tuwezazo kuzitumia kwa taa mpya.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Dukani wataona taa za halojeni za wati 55, za bei nafuu na zenye nuru nzuri, wakanunua nne. Nne mara 55 ni wati 220, karibu mara tatu ya kile kilichobaki. Hata mbili, wati 110, zimepita kiasi. Ukizigawa wati 220 kwa volti 12 wapata ampea 18 na zaidi. Betri ya ampea-saa 45, ikiachwa izilishe taa hizo injini ikiwa imezimwa, kwa hesabu ingekwisha kwa saa mbili na nusu. Na kwa kweli itashindwa kuwasha injini mapema kuliko hapo. Injini ikiwa inafanya kazi itakwisha polepole zaidi, lakini bado itakwisha, na dereva atalijua jambo hilo asubuhi atakapozungusha ufunguo asikie mlio mmoja tu wa chuma.

Taa za LED zimeleta nafuu kubwa katika jambo hili. Taa ya halojeni hutoa nuru kwa kuchoma uzi wa chuma mpaka ung'ae, na sehemu kubwa ya umeme wake hupotea kuwa joto. Taa ya LED haina uzi. Nuru yake hutoka katika punje ndogo iliyotengenezwa ili umeme upitao ndani yake ugeuke kuwa nuru. LED nyekundu ya kuonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak wa Marekani mwaka 1962, lakini kwa miaka mingi hapakuwa na ya buluu yenye nguvu, na bila buluu nuru nyeupe haikupatikana. Kazi hiyo ngumu ilifanywa na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, nao wakapewa Tunzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwa sababu ya kazi yao, taa ya LED ya wati 18 iliyotengenezwa vizuri yaweza kufanya kazi ya halojeni ya wati 55. Nne mara 18 ni wati 72, nazo zaingia katika zile 80 zetu bila taabu. Umeme wake ni ampea 6 tu.

Walakini si kila LED ni ya kuaminiwa. Masandukuni huandikwa wati na nuru za ajabu ambazo taa yenyewe haina. Afadhali fundi aipime kwa mita kabla haijafungwa, aone yavuta ampea ngapi. Itazamwe pia alama ya kuzuia vumbi na maji. Alama IP67 maana yake ni kwamba vumbi haliingii kabisa, na kwamba taa yaweza kuzama katika maji ya kina cha mita 1 kwa muda wa dakika 30 isiharibike. Taa isiyo na alama kama hiyo haitavumilia tope la masika.

NJIA YA WAYA

Baada ya kujua kiasi, yafuata njia. Kosa lililo la kawaida ni kuunga waya za taa mpya katika waya za taa za zamani, kisha kuwasha zote kwa swichi moja. Waya na swichi za kiwandani zilipimwa kwa mzigo wake tu. Ukiongeza mzigo, ni kama kupeleka maji ya vijiji viwili katika mfereji wa kimoja: kingo zitabomoka. Na kingo za waya zibomokapo, hutokea moto.

Basi taa za kazi zataka mfereji wake zenyewe, kutoka betri moja kwa moja. Katika mfereji huo kuna vitu vitatu vya lazima.

Cha kwanza ni fyuzi. Fyuzi ni waya dhaifu iliyowekwa makusudi, ili ikiwa waya mbili zimegusana, jambo ambalo mafundi huliita shoti, ikatike yenyewe kabla ya njia yote kuungua. Kazi yake ni kuilinda waya, wala si kuilinda taa. Kwa hiyo hukaa karibu na betri kadiri iwezekanavyo, isipite shubiri moja hivi; maana sehemu yote ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi. Kwa taa zetu za ampea 6, fyuzi ya ampea 10 yatosha. Fyuzi za bapa zina rangi zake: nyekundu ni ya 10, buluu ni ya 15, manjano ni ya 20, kijani ni ya 30. Fyuzi ikikatika, itafutwe sababu yake. Kuweka kubwa zaidi, au kufunga kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pake, ni kumfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

Cha pili ni waya yenyewe. Umeme upitapo katika waya nyembamba hupungua njiani, na kile kilichopungua hugeuka joto. Tuseme kutoka betri mpaka nyuma ya kiti ni mita 4, na kurudi mita 4, jumla 8. Waya ya shaba ya milimita mraba 1, ikipitisha ampea 6, hupoteza volti 0.8 hivi. Ya milimita mraba 2.5 hupoteza 0.3 tu. Na mtu akiipitisha katika ile nyembamba mizigo ya halojeni nne, ampea 18, atapoteza volti 2.5, yaani karibu moja ya tano ya nguvu yote, na waya itabeba joto la zaidi ya wati 40 ndani ya ngozi yake ya plastiki. Taa ya halojeni ikipungukiwa sehemu moja tu katika kumi ya volti zake, nuru yake hupungua karibu sehemu tatu katika kumi. Ndiyo sababu mtu huona taa mpya zawaka manjano kama kibatari, akamlaumu mwenye duka, na kumbe ni ubahili wa waya.

Cha tatu ni rilei. Hiki ni kisanduku kidogo chenye sumaku ya umeme ndani yake. Mtu mwenye swichi hutuma umeme kidogo sana, nao huivuta sumaku, na sumaku hufungua njia ya umeme mwingi kutoka betri. Ni kama mlinzi wa lango la ndiva: mtoto amwita kwa sauti ndogo, naye mwenye nguvu ndiye ainuaye ubao wa lango. Kwa njia hii swichi ndogo haiungui. Chini ya rilei zimeandikwa nambari, nazo ni zile zile karibu kila mahali: 30 hupokea umeme kutoka betri kwa njia ya fyuzi, 87 huupeleka kwenye taa, 85 na 86 ni za sumaku, moja hupata umeme wa swichi na nyingine huungwa na chuma cha trekta. Umeme wa swichi utolewe mahali ambapo hufa ufunguo uzimwapo, ili mtu aliyechoka asisahau taa zikiwaka mpaka asubuhi. Nao upitie fyuzi iliyopo tayari au upewe fyuzi yake ndogo.

Waya ya kurudisha umeme, ambayo mafundi huiita athi, isitegemee rangi na kutu ya mwili wa trekta. Ama irudishwe mpaka betri, ama ifungwe kwa nati katika chuma kilichokwanguliwa kikang'aa, kisha kipakwe grisi kidogo. Taa nyingi zisemwazo ni mbovu, ubovu wake uko hapa.

MAHALI PA KUFUNGA TAA

Mahali pazuri pa taa za nyuma ni katika ule upinde wa chuma ulio nyuma ya kiti, moja kulia na moja kushoto, zikitazama chini kwenye zana. Zikiwa mbili, kila moja hufuta kivuli cha mwenziwe, na dereva huona pande zote za jembe. Ikiwa moja tu, huacha kivuli kirefu, na katika kivuli hicho ndipo kisiki hujificha.

Lakini upinde ule usitobolewe kwa kekee, wala usichomelewe. Uliwekwa ili kumwokoa dereva trekta lipindukapo, na tundu dogo au joto la kuchomelea laweza kuudhoofisha mahali ambapo hakuna aonaye. Taa zifungwe kwa vibano vya chuma vinavyouzunguka upinde na kukazwa kwa boliti.

Taa mbili zilizobaki zaweza kufungwa mbele, zikitazama nje kidogo kulia na kushoto, ili dereva aone mwisho wa shamba na mpaka wa jirani. Zisitazame boneti, maana nuru itamrudia machoni. Wakati wa vumbi jingi nuru kali iliyo karibu na macho ya dereva huwa kama ukuta mweupe mbele yake. Hapo yafaa kuzizima za juu na kubaki na zile za chini. Kwa sababu hii taa za mbele na za nyuma zapasa kuwa na swichi zake mbalimbali, na kila swichi rilei yake. Kuhusu umbo la nuru, kwa kazi ya karibu zatakiwa taa zinazotandaza nuru kwa upana. Zile zinazopiga mbali kama mshale hazifai kwa jembe.

KAZI YA KUFUNGA NA KUJARIBU

Kabla ya kugusa waya yoyote, injini izimwe na betri ifunguliwe. Huanzwa na ncha ya hasi, na wakati wa kurudisha, hiyo hasi huwa ya mwisho. Sababu yake ni hii: spana ikiteleza kwenye chanya huku hasi imefungwa, na ikagusa mwili wa trekta, umeme wote wa betri utapita katika spana kwa mara moja, na cheche zitaruka karibu na betri ambayo hutoa gesi iwezayo kulipuka.

Waya ivikwe bomba la plastiki. Ipitapo katika tundu la bati, tundu liwekewe pete ya mpira, kwani mtikisiko wa trekta hulifanya bati kuwa msumeno. Ikae mbali na bomba la moshi, mkanda, na mikono ya kunyanyulia zana. Viungo viminywe kwa koleo lake na kufunikwa, visisokotwe kwa mkono na kuzungushiwa utepe. LED hujali chanya na hasi. Ikigeuzwa haitawaka, na nyingine huharibika.

Kazi ikiisha, ipimwe kwa mita. Betri iliyojaa, injini ikiwa imepumzika, huonyesha karibu volti 12.6. Washa injini, uipeleke kwa kasi ya kazi, na mita ipande kufika 13.8 hata 14.4 hivi. Sasa washa taa zote, za zamani na mpya, usubiri dakika chache. Ikiwa mita yakaa juu ya 13, dainamo yatosha. Ikiwa yashuka chini ya 12.6 na kuendelea kushuka, betri ndiyo inayolisha taa, na hesabu haikuwa sawa. Jaribio hili ni la dakika kumi, na lifanywe mchana kijijini, lisingojee usiku wa kwanza wa mvua.

HATARI ZINAZOBAKI

Nuru haiondoi hatari zote, na nyingine huziongeza, kwa kuwa humpa mtu ujasiri. Mhimili unaozungusha zana nyuma ya trekta, ambao madereva huuita pi-ti-o, kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa kila sekunde. Hakuna mkono wa mtu uwezao kujitoa hapo nguo ikikamatwa. Watoto hupenda kufuata trekta lenye taa, na usiku dereva hamwoni aliye nje ya duara la nuru. Basi wakati wa kazi ya usiku mtu asikaribie zana mpaka injini imezimwa, na watoto wawe nyumbani.

Taa za halojeni, kwa wale watakaozitumia, huwa za moto sana. Makapi na majani makavu yakikusanyika juu yake yaweza kushika moto, hasa wakati wa kupukuchua. Hata LED hutoa joto kwa mgongo wake wenye mapezi, na tope likiganda hapo taa hufa mapema. Zifutwe kila asubuhi.

Na trekta litokapo shambani kuingia barabarani, taa za kazi zizimwe zote. Desturi ya barabara ni nuru nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Dereva wa lori aonaye nuru nyeupe mbele yake hudhani ni gari linalomjia, au hupofuka kabisa, naye atakuja kulipiga trekta ambalo hakulifahamu. Huko Uingereza kanuni za taa za mwaka 1989 zakataza taa ya kazi kutumiwa ila kwa kuangaza mahali pa kazi, pa ajali au pa kuharibika kwa gari, wala isimwangaze mwingine machoni. Kanuni hiyo ina hekima kwa kila nchi.

Mwisho, dereva ni mtu. Taa haimwondolei usingizi. Aliyeanza alfajiri asilime mpaka saa nne za usiku. Na awe mwingine wa zamu ya jioni.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Wazee wa chama wasiojua umeme waweza kuikagua kazi kwa maswali haya. Dainamo yetu ni ya ampea ngapi, na umeiona wapi nambari hiyo? Taa zote pamoja zavuta ampea ngapi? Fyuzi iko wapi, na ni ya kiasi gani? Rilei iko wapi? Waya ni ya milimita mraba ngapi? Umetoboa upinde? Mita imeonyesha nini taa zote zilipokuwa zikiwaka? Fundi mwema atayajibu yote bila kukasirika, tena ataonyesha kwa kidole. Akijibu, "Msiwe na wasiwasi," basi hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi. Majibu yaandikwe katika daftari la trekta, na mwalimu wa shule iliyo karibu aweza kusaidia kuyaandika, pamoja na picha ya njia ya waya, ili fundi mwingine ajaye asianze kubahatisha.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Hesabu hii yote yaweza kumalizika kwa jioni moja kabla ya msimu, kwa kalamu na karatasi. Ikifanywa hivyo, yule wa mwisho katika zamu atalimiwa shamba lake kabla mvua haijapunguka, na trekta litawaka asubuhi yake.